Pimamaji Juu ya Nyuzi

Wakati wa kiangazi upepo wa alasiri huamka ziwani, ukazoa vumbi jeupe la magadi na kulipandisha mpaka mtaa wa Bondeni, na kila mtu mwenye dirisha akalifunga. Nekoye hakufunga lake. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani, akingoja treni ya mizigo ianze kupanda kuelekea Mbaruk. Aliisikia kwanza kwa nyayo, sakafuni. Kisha vikombe vikaanza kugusana kabatini. Kisha ukutani, pale gitaa lilipotundikwa, mtu akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa. Ni ile *khrr* fupi ya mwanamume anayesafisha koo kabla ya kuombea chakula. Nicodemus alikuwa akikohoa hivyo katika miaka yote ya ndoa yao, na Nicodemus alizikwa kabla ya Krismasi.

"Ndiyo, Baba Nabalayo," Nekoye akasema, neno likamtoka kabla hajalizuia.

Papo hapo akaona haya, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso kana kwamba amekula kitu cha haramu. Alijua Maandiko yanasema nini juu ya mtu anayezungumza na wafu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne tu, lakini hayo alikuwa ameyasoma mwenyewe, kwa kidole, mstari hadi mstari.

Ng'ambo ya ukuta wa mabati Jepchumba, jirani yake, alikuwa akichekecha unga. Hakuacha kuchekecha. "Mama Nabalayo," akaita, "mzee wako leo amekohoa mapema."

Hilo ndilo lililomtia Nekoye baridi. Kabla ya siku hiyo alidhani anasikia peke yake.

Gitaa lenyewe lilitoka Njoro. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama aliwaita watu wa genge la reli wamsaidie kupakia masanduku yake kwenye behewa, na mwishoni akampa Nicodemus gitaa hilo, maana kidaraja chake, pale nyuzi zinapokalia, kilikuwa kimelegea na mwanawe aliyelinunua ng'ambo hakulitaka tena. Halikuwa gitaa la kawaida. Halikuwa na tumbo. Lilikuwa ubao mzima, mzito kama mlango, wenye tundu la kuchomeka waya. Bila umeme sauti yake ilikuwa ndogo kama ya nzi ndani ya chupa, na pale Bondeni chumba cha Nekoye kiliwaka taa ya mafuta. Kwa hiyo lilikuwa gitaa bubu, la kutazamwa tu.

Lakini Nicodemus hakuwa mtu wa kutazama kitu kibovu akakiacha. Kazi yake ilikuwa kulaza reli: kutandika mataruma ya mbao chini yake, kushindilia kokoto, kuweka pimamaji juu ya reli mbili na kusubiri kile kipovu kisimame katikati. Alilifanyia gitaa vivyo hivyo. Kila uzi ulikalia kichuma chake kidogo, na kila kichuma kilikuwa na skrubu ya kukipandisha na kukishusha. Basi akaweka pimamaji yake juu ya nyuzi zote sita, akazungusha skrubu mpaka nyuzi zikawa sawa kabisa, kama maji kwenye karai. Alipolipiga likakwaruza. Akasawazisha tena. Likakwaruza zaidi. Asubuhi ile aliyoondoka kwenda Mbaruk, kwenye kona ambako reli iliteleza kutoka kwenye jeki ikamwangukia kifuani, alikuwa amekaa kitandani na gitaa magotini. Akaliweka chini akasema, "Nitamaliza jioni."

Siku iliyofuata baada ya Jepchumba kusema vile, Micah akaja. Micah alikuwa mdogo wake Nicodemus, mfanyakazi wa kinu cha unga, na nyusi zake zilikuwa na unga siku zote, hata Jumapili. Alikataa chai. Nekoye akajua hapo kwamba amekuja na neno zito.

"Shemeji," akasema, "nyumba yako inasema."

"Nani amekwambia?"

"Soko zima. Hata wauza makaa wanajua saa ya ndugu yangu kukohoa." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Nimewaandikia wazee nyumbani. Jumamosi wanashuka na treni. Tutakwenda Mbaruk, pale alipoangukia, tumwite kwa jina lake la utotoni, aondoke hapo atufuate nyumbani. Kuku nimeshapata."

"Micah..."

"Ngoja nimalize. Unajua mila. Mke ndiye anafungua mdomo kwanza. Wewe usipomwita, sisi tutapiga kelele porini tu, hasikii mtu."

Nekoye akatazama kitambaa cheupe cha chama cha akina mama kilichoning'inia kwenye msumari, kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe nne. Mchungaji alikuwa amesema waziwazi kanisani, akitaja dhambi hiyo kwa jina: atakayekwenda kuwaita wafu asije kwenye Meza ya Bwana, wala asizikwe na kanisa.

"Mimi sitaweza," akasema.

"Hutaweza!" Micah akainuka. "Kwa hiyo unataka ndugu yangu azurure kwenye reli kama mbwa asiye na mwenyewe? Anakuja mpaka ndani ya nyumba yako, anabisha hodi kwa koo lake, na wewe unamfunikia masikio kwa kitambaa?"

Maneno hayo Nekoye alikuwa ameshajiambia mwenyewe. Asipomwita, mumewe angebaki nje. Akimwita, yeye ndiye angebaki nje. Hakuona mlango wa tatu.

Hata hivyo, alikuwa mwanamke wa kutazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kukiogopa. "Ile sauti inatoka kwenye gitaa," akasema polepole. "Je, nikilitengeneza likanyamaza?"

Micah akamkodolea macho. Kisha akacheka kidogo bila furaha. "Likinyamaza mbele yangu, treni ikipita, mimi mwenyewe nitawarudisha wazee. Lakini linyamaze kweli, shemeji. Usilifiche chini ya godoro."

Mtu aliyejua magitaa ya namna hiyo mjini alikuwa mmoja tu, Dalmas, kijana wa Kijaluo aliyetengeneza redio mchana na kupiga dansi siku za mwisho wa juma. Nekoye alikuwa hajawahi kusimama karibu na ukumbi wa dansi. Alimtuma Jepchumba, na Dalmas akaja na viatu vyenye ncha, redio kuukuu aliyoigeuza kipaza sauti na betri ya gari begani, akipiga mluzi mpaka mlangoni. Alipoona Biblia mezani akaacha mluzi.

"Mama, shikamoo. Mgonjwa yuko wapi?"

"Ukutani."

Akalishusha, akalipima uzito kwa mkono, macho yakamng'aa. "Haki ya Mungu! Hii kitu iko Bondeni na mimi napigia watu gitaa ya sanduku!" Akachomeka waya, akagusa nyuzi. Zile mbili za katikati zikatoa mkwaruzo mbaya. Dalmas akajikunja kwa kicheko. "Hii gitaa ina pumu, mama. Mzungu wake alikuwa anavuta kiko?"

"Fundi, hapa pamefiwa."

"Pole. Nisamehe, mama." Akainamisha kichwa, akafunga jicho moja na kutazama kwenye shingo ya gitaa kama mtu anayelenga shabaha. Kisha akaomba rula. Nekoye akampa ile ya bati aliyoiacha Nabalayo, binti yake, alipoolewa Kitale. Dalmas akaisimamisha rula kwa ubavu wake, akaikatisha juu ya ubao wa shingo, chini ya nyuzi, na kuisukuma kwa kidole upande huu na upande huu. Rula ikabembea.

"Umeona? Inacheza kama watoto kwenye pembea. Huu ubao haukulala, mama. Una mgongo."

Nekoye akasogea. Kwa jicho la kawaida ubao ulikuwa tambarare kama meza. Lakini chini ya rula mwanga ulipenya pande zote mbili, na katikati haukupenya.

"Wanaukata kutoka kwenye duara," Dalmas akasema. "Wengine wanatumia duara kubwa, tuseme gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, na kipande ukikikata kinakuwa karibu kulala. Huyu alitumia duara dogo, kama ungo wako ule pale. Kwa hiyo mgongo umepanda. Sasa mtu amekuja akaweka nyuzi zote sawa, sawa kabisa, kama alikuwa na..."

"Pimamaji."

"Eh! Kama alikuwa na pimamaji. Nyuzi zimenyooka, ubao umevimba katikati. Hizi za pembeni ziko juu, unabonyeza mpaka kidole kinalia. Hizi za katikati zimelala juu ya kilima, zinagusa hivi vyuma vidogo vilivyokatiza shingo. Ndiyo pumu yenyewe. Treni ikipita, nyumba ikitikisika, zinakwaruza zenyewe." Kisha akabonyeza uzi mwembamba wa pembeni juu shingoni, akaupiga na kuusukuma kwa kidole kuelekea katikati. Sauti ikapanda, ikapanda, ikakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. "Na hii je? Ukiusukuma unaupandisha kilima, unagonga chuma cha mbele, unakufa. Nyuzi zinatakiwa zifuate mgongo, mama. Za katikati juu, za pembeni chini, na zote ziwe na nafasi ya kupumua."

Akatoa bisibisi ndogo. Alifanya kazi ulimi nje, robo zunguko hapa, nusu zunguko pale. Alipomaliza, Nekoye akainama usawa wa kidaraja akaona vile vichuma sita vimepanda na kushuka kama paa la kibanda cha nyasi. Treni ikaja. Vikombe vikagongana. Gitaa halikusema neno.

Jepchumba naye, ng'ambo ya ukuta, akaacha kazi yake akasikiliza. "Leo mzee hayupo?" akauliza.

"Hayupo," Nekoye akajibu, na usiku huo akalala usingizi mzito, akijiambia kwamba kumbe lilikuwa jambo la ubao na nyuzi tu.

Jumatano akaenda kwenye maombi ya akina mama. Akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye fundo la leso kama kawaida. Aliporudi kufuli ilikuwa kama alivyoiacha. Akafungua. Vumbi jeupe lilikuwa limeingia kupitia dirishani na kutanda sakafuni kote, laini, bila alama ya mguu hata mmoja.

Gitaa halikuwa ukutani. Lilikuwa limelazwa kitandani, juu ya shuka, kwa uangalifu, kama mtoto. Na juu ya nyuzi ilikuwa pimamaji ya Nicodemus, ile ambayo Nekoye alikuwa ameifungia kwenye sanduku la bati chini ya nguo zake za mazishi. Kipovu kilikuwa kimesimama katikati.

Nekoye hakupiga kelele. Alishika fremu ya mlango, akavuta pumzi, akaingia. Akainama kama alivyofundishwa na Dalmas. Lile umbo la paa la kibanda halikuwepo. Vichuma vyote sita vilikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Jioni hiyo treni ilichelewa, na ilipopita kikohozi kikaja kikubwa kuliko kwanza, na baada yake sauti ya meno kufyonzwa, vile fundi anavyofyonza akikuta mtu ameiharibu kazi yake.

Dalmas alipoitwa tena alikuja akinuna. "Mama, wewe na bisibisi ni wapi na wapi? Nimekuambia hii kitu inataka mgongo, wewe unairudisha tambarare kama shamba la mpunga."

"Sijaigusa."

"Basi ni panya anayejua useremala." Akaketi, akashika skrubu ya kwanza, akatoa kidole chake haraka na kukitazama. Kilikuwa cheusi. Akakinusa. Nekoye hakuhitaji kunusa, harufu ilikuwa imeshamfikia: yale mafuta meusi wanayoyapaka mataruma yasiliwe na mchwa, yaliyokuwa yakikaa kwenye kucha za Nicodemus hata akisugua kwa jivu na sabuni. Skrubu zote zilikuwa zimechafuka hivyo, mbichi, za kuacha alama.

"Mzee wako alikuwa wa reli," Dalmas akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

Kijana akamaliza kazi bila mzaha wowote, akizungusha upesiupesi kama anayeng'oa mwiba. Akasimama. Bisibisi akaiacha mezani, hakutaka kuirudisha mfukoni. "Hiyo Jumamosi ya wazee mimi nitakuja mchana, mama. Watu wakiwa wengi. Siku nyingine usiniite, tafadhali."

Ijumaa Nekoye hakutoka nyumbani. Alipiga deki, akalaza gitaa mezani, pimamaji akairudisha sandukuni akakalia kifuniko. Alitaka kuona. Kama ni shetani, alisema moyoni, nimjue kwa uso, na kama ni mtu, nimjue pia. Jua lilikuwa kali mno nje, kuku wa Jepchumba wamejilaza kivulini midomo wazi, na hakuna kitu duniani kilichofanana na usiku. Upepo ukaamka ziwani. Vumbi likaja, likaficha mti wa mkalitusi uliokuwa uani, kisha choo, kisha uzio, mpaka mlango ukawa umefunguka kwenye weupe mtupu.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Halafu kitanda kikalalamika kidogo pembeni, mahali pale anapokaa mwanamume mzito anayevua buti. Nekoye hakugeuza shingo. Macho yake yalikuwa mezani.

Skrubu ya tatu ikaanza kuzunguka.

Ilizunguka polepole, ikasita, ikarudi kidogo, ikaendelea, kama inavyozunguka mikononi mwa mtu mwenye subira. Kichuma chake kikashuka. Kisha ya nne. Bisibisi ilikuwa pale pale alipoiacha Dalmas, haijaguswa. Chini yake, ndani ya sanduku alilokalia, Nekoye akasikia pimamaji ikibisha bati, taratibu, mara moja, ikiomba kutolewa.

Zaburi aliyoiandaa ikampotea yote. Jina la mumewe likampanda mpaka kwenye ulimi, na akajua akilitamka tu amekwisha kufanya lile ambalo Micah analitaka, hapa hapa, bila hata kuku. Akauma mdomo. Akatazama ile skrubu. Na alipoitazama hofu ikampungua kidogo, maana alikuwa ameziona saa zile nyingi za mwisho, mtu amekaa ukingoni mwa kitanda hicho, ameinamia kazi isiyokubali. Nitamaliza jioni. Hakuja kumtisha mtu. Alikuwa kazini. Angesawazisha nyuzi hizo mpaka siku ya parapanda, na kila akizisawazisha zingekwaruza, na asingejua kwa nini, kwa sababu aliyejua ni Dalmas na Dalmas alikuwa amemweleza Nekoye peke yake.

Mtu alipaswa kumwambia. Na yeye alikuwa amekatazwa kusema naye.

Akapiga magoti. Akaufunika uso kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima:

"Bwana Yesu, mimi sisemi na maiti. Nasema na Wewe. Kama yuko mwingine humu ndani anayesikia maombi yangu, hayo ni mambo yako."

Skrubu ikaendelea kulia mezani, *kri, kri*.

"Bwana, Wewe ulikuwa unamwona mtumishi wako akilaza njia ya reli. Unajua njia ikinyooka, pale tambarare ya Elementaita, reli mbili huwekwa sawa, na kipovu husimama katikati. Hiyo ndiyo kazi safi. Lakini Bwana, unajua pia kwenye kona haiwi hivyo. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa, na fundi akizilaza sawa treni hupinduka. Yeye mwenyewe alinieleza hayo, mezani hapa, kwa vijiko viwili. Kwenye kona usawa ni makosa."

*Kri*. Ikakaa kimya kidogo. *Kri*.

"Sasa gitaa hili, Bwana, ukilitazama kwa urefu limenyooka kama reli. Mtu wa reli atalitazama kwa urefu, kwa sababu ndivyo macho yake yalivyozoea kutazama njia. Akilitazama hivyo ataona tambarare. Lakini kwa upana lina mgongo, Bwana. Umekatwa kwenye duara kama la ungo. Nimeuona kwa macho yangu, mwanga unapita pembeni haupiti katikati. Nyuzi za katikati lazima zipande ziufuate mgongo, na za pembeni zishuke. Hakukosa kwa uvivu, Bwana. Hakukosa kwa ujinga. Alikosa kwa kazi aliyoijua vizuri mno. Tafadhali mwenye kusikia na asikie. Amina."

Akabaki hivyo hivyo, uso viganjani. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa vumbi likichezea mabati. Akahisi kitu kimepita karibu na bega lake, baridi kama kivuli cha behewa. Kisha, kutoka kwenye rafu, rula ya Nabalayo ikagonga ubao mara moja, na baada ya kitambo akaisikia ikibembea mezani, tik, tik, tik, upande huu na upande huu, muda mrefu. Halafu ikatulia.

Halafu mtu akavuta pumzi ndefu kupitia puani, kama anayesema, *Kumbe*.

Skrubu zikaanza tena. Hakutazama. Alizisikia zikizunguka moja baada ya nyingine, bila haraka, na alibaki amepiga magoti mpaka upepo ukarudi ziwani na ile harufu ikatoka pamoja nao. Alipoinuka magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Juu ya meza vichuma sita vilikuwa vimejipanga kwa upinde laini kuliko ule wa Dalmas, na sandukuni pimamaji ilikuwa imetulia.

Jumamosi Micah akaja na wazee. Aliwaacha uani chini ya mkalitusi, mmoja wao amebana kuku kwapani, akaingia peke yake. Dalmas alikuwa ameshafika, amesimama karibu na mlango kama mtu anayetaka njia ya kutokea. Jepchumba akaja bila kuitwa, mikono na unga.

"Lichomeke," Micah akasema.

Dalmas akachomeka waya, akainama kutazama nyuzi, akakunja uso. "Mama, nani amefanya hii?"

"Iko mbaya?"

"Iko chini sana. Mimi niliziacha juu kidogo, kwa usalama. Na mgongo mviringo namna hii, uzi ukiwa chini hivi ukiusukuma lazima ufe. Hakuna fundi anaweza kukwepa." Akabonyeza uzi ule mwembamba, akaupiga, akausukuma kupanda kilima. Sauti ikapanda. Ikaendelea kupanda, safi, ndefu, ikajaza chumba mpaka wazee uani wakageuza vichwa, wala haikufa. Dalmas ndiye aliyeuachia, kwa hofu. Akaushusha mkono wake, akaupangusa kwenye suruali.

"Haifi," akanong'ona. "Inatakiwa ife."

Micah hakumsikiliza. Alikuwa anatazama saa ya mkononi. Kwa mbali injini ikaanza kuhema ikitoka stesheni. Sakafu ikatetemeka. Vikombe vikagusana. Treni ya mizigo ikapita nyuma ya Bondeni, ndefu, behewa baada ya behewa, na Micah akasogeza sikio karibu na gitaa mpaka unga wa nyusi zake ukadondokea kwenye ubao. Hakuna kilichokohoa. Treni ikaupanda mlima ikapotea.

Micah akanyooka polepole. "Umemwita?" akauliza kwa sauti ya chini ili wazee wasisikie.

"Sikumwita. Niliomba."

"Na yeye?"

"Alikuwa anasikiliza."

Micah akamtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta ufa kwenye chungu. Kisha akavaa kofia yake, akatoka uani, na Nekoye akamsikia akiwaambia wazee kwamba ndugu yake amekwisha kuondoka mwenyewe, hakuna safari ya Mbaruk, wamwachilie kuku miguu. Dalmas akaomba ruhusa akaenda, kipaza sauti begani, bila mluzi. Jepchumba akamshika Nekoye mkono, akamwambia sasa utalala, dada, akarudi kwenye ungo wake.

Kesho yake Nekoye akavaa kitambaa cheupe, akasogea kwenye Meza ya Bwana na wenzake, akapokea, na mchungaji hakuwa na neno juu yake.

Jumatatu, upepo ulipoamka, aliketi kwenye kigoda karibu na mlango bila kujua kwamba amekwenda kuketi. Mikono ilikuwa mapajani. Treni ikaja, ikatikisa ukuta, ikagonganisha vikombe. Akajikuta amefungua mdomo tayari kujibu. Behewa la mwisho likapita. Akangoja kidogo tena, kama pengine amechelewa, kama pengine leo yuko mbali. Kisha akajifunika leso usoni, akamlilia mumewe kwa mara ya kwanza tangu amzike, kwa sauti, mpaka ng'ambo ya mabati Jepchumba akaacha kuchekecha.